Kosa Lina Sababu, Kubahatisha Hakuna

Daftari za wanafunzi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, mitaa ya Mombasa, zina aina mbili za majibu yasiyo sahihi, na zote mbili hupigwa alama ile ile ya kalamu nyekundu. Aina ya kwanza ni jibu la mtoto aliyefikiri. Ameona jambo, akalitafutia sababu, akaifuata sababu hiyo mpaka mwisho, ila ilikuwa sababu isiyofaa. Aina ya pili ni jibu la mtoto ambaye hakufikiri lolote: swali lilimshinda, muda ukawa unayoyoma, akachora penseli juu ya herufi iliyomjia. La kwanza ni dhana potofu, la pili ni kubahatisha. Shule inayohesabu alama tu na kuacha kuuliza sababu inawapunja watoto wote wawili. Inampunja zaidi mtoto wa tatu, yule anayepata alama ya sahihi kwa sababu isiyo sahihi, kwa kuwa hakuna atakayerudi kumwangalia.

Dhana potofu si ujinga. Mtoto wa miaka sita haingii darasani akiwa mtupu. Ameshaona maji yakijaa na kupwa, ameshaona msumari ukizama na kifuu kikielea, ameshagawana mkate na nduguze. Kutokana na hayo ametunga maelezo yake ya dunia, na maelezo hayo yamemfaa kila siku. Ndiyo maana hayang'oki kwa kuambiwa mara moja. Mwalimu akiandika kanuni ubaoni, mtoto huinakili, huikariri, huirudisha kwenye mtihani, kisha akitoka nje hurudia imani yake ya zamani. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini ataachaje kulirudia mtu ambaye hakuonyeshwa kosa lilianzia wapi?

Bahati kwenye karatasi ya mtihani

Kuanzia 1985 hadi 2023, mtoto wa Kenya alimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa KCPE. Ukiondoa insha za Kiingereza na Kiswahili, mtihani huo ulikuwa wa kuchagua jibu moja kati ya manne, na majibu yalisomwa na mashine. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali 50. Mtoto asiyejua hata swali moja, akichagua kwa bahati tupu, hutarajiwa kupata 12 au 13. Kupata nusu ya maswali kwa njia hiyo ni nadra mno, chini ya mtoto mmoja kati ya elfu, kwa hiyo si kweli kwamba bahati peke yake humfaulisha mtu. Madhara yake yako kwingine. Mtoto anayejua maswali 30 na kubahatisha 20 hutarajiwa kuondoka na 35. Mzazi anaona asilimia 70 na kufurahi, mwalimu anaona asilimia 70 na kuendelea na mada inayofuata, na yale maswali 20 ambayo mtoto hakuyajua yanabaki yamefichwa, matano kati yake yakiwa na alama ya sahihi.

Mwalimu aliyewaambia watahiniwa wasiache swali hata moja wazi alikuwa akiwashauri vyema, kwa maana hesabu ilikuwa upande wake: jibu baya halikukatwa alama, na jibu tupu halikupewa alama. Kuna mitihani iliyojaribu kuziba mwanya huo. Penye majibu manne ya kuchagua, kila kosa hukatwa theluthi moja ya alama, ili anayebahatisha asipate faida wala hasara kwa wastani. Mtihani wa SAT wa Marekani, ambao maswali yake mengi yalikuwa na majibu matano, ulikata robo ya alama kwa kila kosa mpaka 2016, kisha ukaacha. Kukata alama kuna ila yake: mtoto mwoga huacha hata swali ambalo analijua nusu, na mtoto jasiri huchukua alama hizo. Adhabu huzuia bahati, lakini haimfundishi mtu chochote.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote 2019, uliahidi kumtoa mtoto kwenye mbio za herufi. Tathmini za darasani na miradi vimeongezwa, na hilo ni jema. Hata hivyo KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6 iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2022, ilirudi kwa maswali ya kuchagua jibu. Watahiniwa ni zaidi ya milioni moja, na kusahihisha maelezo ya kila mmoja ni kazi kubwa, kwa hiyo uamuzi huo unaeleweka.

Tena si lazima maswali ya kuchagua yawe adui. Mwaka 1992, David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Arizona State na wenzake walichapisha jaribio la maswali 29 kuhusu nguvu na mwendo. Kila jibu baya lilitungwa kutokana na yale ambayo wanafunzi huamini kikweli. Anayechagua B amefikiri hivi, anayechagua D amefikiri vile. Mwalimu akiona nusu ya darasa limechagua B, anajua aanzie wapi kesho yake. Majibu mabaya ya mitihani mingi ya majaribio inayouzwa kwa shule hayakutungwa hivyo. Yamewekwa kujaza nafasi, na mtoto mwerevu huyaondoa mawili bila kujua somo.

Feri, mwezi na joto la Januari

Darasa la Likoni likiulizwa kwa nini feri haizami, majibu hayakosekani. Wapo watakaosema ni injini inayoishikilia juu. Wapo watakaosema bahari ni kubwa na ina chumvi. Wapo watakaosema ndani mna hewa. Hakuna hata jibu moja hapo lililotoka hewani. Feri zote ambazo watoto hao wamepanda zilikuwa zikinguruma, bahari yote waliyoionja ina chumvi, na mpira wenye hewa huelea.

Kila jibu linastahili kupimwa badala ya kufutwa. Feri ikizimika injini katikati ya kivuko husukumwa na mkondo, abiria wakashikwa na hofu, lakini haizami, basi si injini. Chumvi husaidia kidogo tu: lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi badala ya kilo 1, na meli za chuma huelea hata Ziwa Victoria ambako maji hayana chumvi. Hewa iko karibu na ukweli. Chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji ya ujazo uleule, ndiyo maana msumari hutota. Feri ni chuma kilichopewa umbo la kusukuma maji mengi kando, nayo hushuka mpaka maji iliyoyasukuma yawe na uzito sawa na wake. Kila tani moja ya gari inayopanda huifanya feri isukume karibu mita moja ya ujazo ya maji zaidi. Sufuria ya jikoni kwenye beseni inatosha kulionyesha hilo: ikiwekwa wima huelea, ikitiwa mchanga kidogo kidogo hushuka, ikiinamishwa upande ikaingia maji huzama.

Kwa watu wa ng'ambo hii ya Mombasa, jambo hilo la kuinama si la darasani tu. Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ikiwa imejaza abiria kupita kiasi ilipinduka karibu na gati na watu 272 wakafa. Anayedhani chombo huangamia kwa uzito peke yake hataona hatari ya umati unaokimbilia upande mmoja.

Mwezi nao una dhana yake. Wanafunzi wengi, na watu wazima wengi vilevile, huamini kwamba mwezi huwa mwembamba kwa kufunikwa na kivuli cha dunia. Watoto wa pwani wana ushahidi wa kuivunja dhana hiyo kuliko watoto wa mahali pengi, maana kila mwaka huambiwa watoke nje wautafute mwezi mwandamo wa Ramadhani na wa Idi. Wautafute wapi? Magharibi, baada tu ya jua kuchwa, karibu na pale lilipozama. Wakati huo kivuli cha dunia kimeelekea mashariki, mbali kabisa na mwezi, hakiwezi kuufikia. Uwembamba wake unatokana na upande tunaouona: nusu ya mwezi daima imeangazwa na jua, nasi wakati huo twaona ukingo wake tu. Kivuli cha dunia huufikia mwezi mpevu peke yake, kama usiku wa Septemba 7, 2025, ulipopatwa wote ukawa mwekundu kama shaba juu ya Afrika Mashariki. Mvuvi wa Mtongwe anayejua kwamba bamvua huja mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na maji mafu katikati yake, anajua mpangilio wa jua, dunia na mwezi kuliko vitabu vingi vinavyoueleza, ila hajapata kualikwa darasani kuufundisha.

Kisa cha joto la Januari ni kigumu zaidi, kwa sababu hapa mazingira yenyewe humwunga mkono mkosaji. Mtoto wa Kisauni akisema Mombasa ina joto wakati wa kaskazi kwa kuwa dunia imekaribia jua, tarakimu ziko upande wake. Mwanzoni mwa Januari dunia iko kilomita milioni 147 hivi kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai, kusi ikivuma na hewa ikiwa ya baridi, iko kilomita milioni 152. Je, si ushahidi huo? Mwalimu akimwambia tu kwamba amekosea, amemdhulumu. Akimwuliza ndugu wa jirani anayeishi London huvaa nini Januari, mtoto ataona mwenyewe kwamba umbali hauwezi kuwa sababu, maana dunia ni moja na umbali ni mmoja. Sababu ni kuinama kwa dunia, kunakopandisha jua juu ya vichwa vya watu wa kusini na kuwalazia miale watu wa kaskazini. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 10 na katika siku za mwanzo wa Oktoba, na mlingoti wa bendera shuleni hukosa kivuli. Wasiofahamu sababu ya majira si watoto wa Kisauni peke yao: filamu fupi ya mwaka 1987 iliwahoji wahitimu wa Harvard siku ya mahafali yao, na wengi wao walisema ni umbali.

Hesabu za kibaba

Katika hesabu dhana potofu hujificha vizuri zaidi, kwa sababu jibu ni tarakimu tu na tarakimu haisemi ilikotoka. Watoto wawili wakiulizwa ipi kubwa kati ya 0.35 na 0.5, wa kwanza husema 0.35, maana 35 ni kubwa kuliko 5. Kosa lake laonekana. Wa pili husema 0.5 na kupewa alama. Akiulizwa sababu, huenda akasema desimali fupi ndiyo kubwa, kwa kuwa vipande vya mia ni vidogo kuliko vipande vya kumi. Huyo akipewa 0.47 na 0.3 atachagua 0.3 kwa imani ileile iliyompa alama jana. Swali moja lisilofuatwa na jingine limempitisha.

Kujumlisha sehemu ni shamba jingine la makosa ya aina hii. Nusu na robo, juu kwa juu na chini kwa chini, hutoa 2/6, yaani theluthi. Kanuni ya kutafuta namba ya chini inayolingana hufundishwa tena na tena na kosa hurudi tena na tena, kwa sababu mtoto hajaombwa kulitazama jibu lake likiwa na umbo la kitu. Apewe nusu kibaba cha mchele, aongezewe robo. Theluthi ni chini ya nusu aliyokuwa nayo. Ameongezewa mchele, ukapungua? Mtoto huyo huyo dukani hakosei, anajua ni robo tatu. Hesabu ya dukani na hesabu ya daftarini zimekaa kichwani mwake kama mambo mawili yasiyojuana, na shule ndiyo inayopaswa kuyakutanisha.

Hapo pia ndipo penye tofauti kati ya kubahatisha na kukadiria. Anayekadiria kwamba 19 mara 21 ni karibu 400 ana sababu, na jibu la 3,990 likimjia atalishuku. Kukadiria hakufundishwi vya kutosha, kwani hakuna alama inayotolewa kwa kushuku jibu lako mwenyewe.

Gharama nyumbani

Dhana potofu haziishii kwenye cheti. Stima ya nyumbani hununuliwa kwa tokeni, tarakimu 20 huingizwa kwenye mita, na yuniti zikiisha giza huingia. Mtindo huo huwafanya wengi waone umeme kama mafuta yanayomwagwa ndani ya balbu na kuishia humo. Mkondo haupungui: unaoingia kwa waya mmoja hurudi kwa mwingine. Kinacholipiwa ni nishati inayoachwa njiani, na kila kifaa huacha kiasi chake. Pasi ya wati 1,000 humaliza yuniti moja kwa saa moja. Balbu ya wati 9 huhitaji saa 111 kumaliza yuniti hiyo hiyo. Nyumba inayogombana kuhusu balbu ya barazani huku pasi ikiachwa imewaka inapoteza pesa kwa kutojua kugawanya.

Maji yanayoonekana maangavu hudhaniwa kuwa salama. Katika mitaa inayotegemea visima na mitungi ya mkokoteni, dhana hiyo huleta kipindupindu, kwa kuwa vijidudu vyake havionekani wala havibadili rangi ya maji. Jiko la makaa lililokwisha kushika moto halitoi moshi, basi hudhaniwa halina neno likiingizwa chumbani wakati wa mvua na mlango ukafungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Katika pesa, deni la shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi hudhaniwa kuwa litafika 2,200 baada ya mwaka. Riba ikitozwa juu ya riba, hufika karibu 3,138. Bei ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20, mia moja huwa 96, na mchuuzi aliyedhani amerudi alipokuwa amepata hasara bila kuiona. Kijana anayecheza kamari kwenye simu huongeza dau baada ya kupoteza mara tano, akiamini zamu yake imefika. Bahati, kama sarafu inayorushwa, haina kumbukumbu. Nafasi yake ya sita ni ileile ya kwanza, na mwenye mchezo anaijua hesabu hiyo vizuri.

Kijana wa Magamba

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi wa kidato cha tatu Erasto Mpemba alitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa. Akihofia kukosa nafasi kwenye friza, aliyatia yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye swali lake likawa mzaha wa darasa. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuwahutubia. Wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Jina la Mpemba limo katika fizikia hadi leo, na wanasayansi waliorudia jaribio hilo bado wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli.

Ubishi huo haumpunguzii Mpemba chochote. Alikuwa ameona, hakuwa amebahatisha, na alitaka sababu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huambiwa watoto, na nyumbani hilo lina mahali pake. Darasa la sayansi linahitaji pia methali nyingine, kwamba kuuliza si ujinga, tena linahitaji mwalimu asiyeona swali gumu kama utovu wa adabu.

Swali la pili

Dawa si ghali. Baada ya kila jibu, zuri au baya, mwanafunzi aulizwe amejuaje. Swali hilo likiulizwa kwa majibu mabaya tu, watoto hujua mara moja kwamba kuulizwa ni ishara ya kosa, nao hubadilisha jibu kabla ya kufikiri.

Walimu watasema madarasa yamejaa, na wanasema kweli. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo 2003, darasa la watoto 60 au zaidi si jambo geni bara ya Mombasa. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alikabili umati wa namna hiyo kuanzia 1991 kwa njia isiyohitaji mashine. Swali la kuchagua huulizwa, kila mmoja hujibu peke yake, kisha humgeukia jirani na kulitetea jibu lake, halafu hujibu tena. Vidole vya mkono vilivyoinuliwa kifuani vyatosha kumwonyesha mwalimu wangapi wako wapi. Anayebahatisha hukwama pale jirani anapomtaka sababu, na hukwama mbele ya mtu mmoja tu, bila aibu ya darasa zima. Mradi wa SMASSE, ulioanzishwa 1998 kwa msaada wa Japani kuwanoa walimu wa hesabu na sayansi, ulisisitiza jambo la jirani na hilo: mwanafunzi atende na ajaribu kwa vifaa vinavyopatikana.

Limebaki suala la lugha, nalo halitajwi inavyostahili. Mtoto wa Likoni hujifunza kwa Kiswahili katika gredi za chini, kisha Gredi ya 4 sayansi na hesabu hushikwa na Kiingereza. Anayeweza kueleza bamvua kwa dakika tano bila kusita huwa bubu anapotakiwa kuieleza kwa lugha ambayo bado anaitafuta, na bubu aliyepewa herufi nne hana la kufanya ila kuchagua mojawapo. Mwalimu akimwacha aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha wakayaandika pamoja kwa Kiingereza cha mtihani, atajua kama mtoto ameelewa vibaya au amekosa maneno tu. Mzazi wa Kisauni asiyejua Kiingereza hata kidogo naye anaweza kufungua daftari jioni, aweke kidole kwenye jibu lolote, akamwambia mwanawe amweleze kwa Kiswahili lilivyopatikana.